Kuni Zangu na Kuni za Yared

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Yared amemaliza gogo la mkaratusi kabla sijamaliza chai. Gogo zima! Nilikuwa kibarazani, kikombe mkononi, namchungulia kupitia tundu la ua wa matete. Nilipofika kwenye majani ya chai chini ya kikombe, gogo lilikuwa limekwisha kuwa kuni, na kuni zimepangwa, na Yared anafagia maganda.

Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alirudi Mikumi mwezi wa tano, mvua zinaelekea kuisha, baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miti kule Mufindi. Akaomba kona uani kwa Mama aweke kuni kidogo. Kona tu, alisema. Leo uani kwa Mama kuku wanapita kwa mstari mmoja.

Muuza kuni wa Mikumi ni mimi. Wenye migahawa ya barabara kuu, wachoma nyama, wenye harusi, wenye misiba, wote walikuwa wanaelekezana: nenda kwa Melkizedek. Siku hizi wanasema: nenda kwa kina Melkizedek, lakini usiishie kwake, pita hadi nyumba ya nyuma, kwa Mama.

Mama akatoka na maji ya kunywa. "Baba yangu, pumzika kidogo." Alikuwa anamwambia Yared. Mimi, mtoto wa kwanza, ananiita Melkizedek, silabi zote, kama mwalimu anayeita majina darasani.

Jioni Yared akapita kunisalimia. Shikamoo kaka, kwa mikono miwili, kichwa kimeinama. Kila siku! Mtu unayemchukia angalau awe hana adabu. Huyu hanipi hata nafasi hiyo.

Habari kubwa: Askofu anakuja tarehe 25 kutoa kipaimara. Watu watakula, wa hapa na wageni wa Kilosa, Kisanga na Kidodi. Kuni zitakazohitajika, ajabu! Devota, mwenyekiti wa jikoni kanisani, hajasema zitatoka kwa nani. Miaka yote zilitoka kwangu. Lazima nijue siri ya Yared.

Jumanne, 6 Agosti

Siri nimeipata. Tairi!

Nimekaa uani asubuhi yote najifanya natafuta kuku aliyepotea. Yared ana gogo pana la kupasulia, na juu yake ameweka tairi kuukuu la gari dogo. Kipande cha mti anakisimamisha ndani ya tairi. Anapiga shoka, anazunguka hatua moja, anapiga tena, anazunguka. Vipande vinapasuka lakini havianguki, vinashikwa na tairi kama vitumbua sahanini. Hainami. Haokoti. Akimaliza anavibeba vyote kwa mkumbatio mmoja.

Mimi nusu ya siku yangu huwa nakimbizana na vipande vilivyorukia kwa jirani.

Nikaenda gereji moja ya barabarani nikapewa matairi mawili ya lori. Kama moja dogo linafaa, mawili makubwa yatafaa zaidi. Nikayapandanisha. Nikasimamisha kipande ndani. Kilizama chote kama mtoto kisimani. Nikapiga hivyo hivyo kwa kukisia. Shoka likagonga mpira, likarudi lilikotoka, likanichomoka mkononi, likapita karibu na sikio langu likivuma, likachoma paa la choo.

Yared akaja mbio. Akatoa shoka kwenye bati. Akapapasa makali kwa kidole gumba, akasema kwa upole kwamba shoka hili halijanolewa siku nyingi, na kwamba akipenda kaka, ataninolea. Akipenda kaka!

Nimekataa. Nimesema napenda liwe butu, linajenga mwili.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Nimepanda basi alfajiri kwenda Morogoro kwenye maonyesho. Njiani mbugani abiria wote walikuwa madirishani wakitazama twiga. Mimi nilikuwa nawaza vile miguu yao ilivyonyooka, haina hata kifundo kimoja, ingepasuka vizuri.

Mabanda ya mbegu nimeyaruka. Ya ng'ombe nimeyaruka. Nikafika penye mashine. Hapo moyo ukasimama! Kuna chuma kama pia ya watoto, kimechongoka mbele, kina mikato ya skrubu. Injini inakizungusha. Kijana wa banda anasogeza gogo, chuma kinauma, kinaingia, gogo linalia krrr na kupasuka katikati. Hakuna shoka. Hakuna jasho. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe, na hadi mchana lilikuwa bado jeupe.

Alieleza mambo mengi kuhusu namna ya kulikinga gogo lisizunguke. Sikusikiliza. Nilikuwa nachora chuma kwenye kiganja changu.

Usiku huu Fausta, mke wangu, ameniuliza nimemletea nini kutoka Morogoro. Nikamwonyesha kiganja.

Jumamosi, 10 Agosti

Chuma kinahitaji muda. Katikati hapa lazima Yared apunguzwe kasi.

Nimepita kwenye migahawa nikidondosha neno. Sikusema uongo. Niliuliza tu. Jamani, kuni zinazopasuliwa ndani ya tairi, pilau halinuki mpira? Nikatikisa kichwa kwa masikitiko nikaondoka. Neno zuri. Linajiendea lenyewe.

Saa kumi Devota akaja nyumba ya nyuma, amekunja uso. Nikasogea kwenye ua nisikie anavyomgombeza. Devota ni mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, akigomba hata mabasi yanapunguza mwendo. Akachukua kuni moja, akainusa. Akainusa nyingine. Akazigonganisha zikalia kama vibao. Akasema: "Mwanangu, hizi ni kavu hivi tangu lini?"

Yared akaanza kumweleza. Kwamba mkaratusi hupasuliwa ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka ukiwa gogo nyuzi zinashikana na unakuwa kama chuma. Kwamba unapasuliwa vipande vyembamba, unapangwa juu ya fito usiguse udongo, mahali penye upepo, umefunikwa juu tu, ubavuni wazi. Kwamba kuni kavu ina nyufa kichwani na inalia ukiigonga, na mbichi inanyamaza.

Devota alikuwa hajawahi kuziona kuni za Yared. Amekuja kwa sababu ya neno langu! Ameondoka na mzigo kichwani, na ameagiza mwingine.

Mimi zangu nimezilaza chini na kuzifunika turubai hadi chini, kila upande. Kuni zangu zinalala vizuri kuliko mimi.

Jumatatu, 12 Agosti

Fundi wa kuchomelea amemaliza chuma. Kizuri! Kinafungwa kwenye gurudumu la nyuma la pikipiki, tairi likishatolewa. Pikipiki ni ya Mudi, jirani yangu wa mbele, dereva wa bodaboda. Mudi hakutaka. Nikamwambia tutakuwa wawili, mimi wazo na yeye injini, na jina la mashine litakuwa lake. Akauliza jina gani. Nikasema MUDI PASUA. Akatoa tairi mwenyewe.

Nimewaalika watu waje kuona keshokutwa. Nimemwalika Devota. Nimemwalika Mama. Yared nimemwalika kwa kupitia kwa Mama, ili isionekane namhitaji.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Watu walijaa. Mudi alikaa juu ya pikipiki iliyosimama kwenye stendi kubwa, kofia ya chuma kichwani. Akavuta moto. Chuma kikazunguka, kinang'aa, watu wakapiga makofi. Nikatoa hotuba fupi kuhusu zama mpya. Nikasukuma gogo.

Kiliuma! Kweli kabisa kiliuma. Kwa muda kama wa kupiga chafya nilikuwa mtu mkubwa Mikumi.

Kisha badala ya gogo kupasuka, gogo likaanza kuzunguka pamoja na chuma. Likaniparaza mkono. Likagonga ardhi, likajitupa juu, likagonga tena, na pikipiki ikaruka kwenye stendi. Sasa pikipiki ilikuwa na tairi jipya, nalo ni gogo langu la mkaratusi. Ikaondoka. Mudi hakuachia moto kwa sababu alikuwa anautumia mpini wa moto kujishikilia. Walipita kwenye ua wa matete, wakatoboa banda la kuku la Mama, wakaingia kwenye nguo za Fausta zilizoanikwa. Mudi akatoka upande wa pili amevaa gauni la kwaya.

Yared ndiye aliyekimbia akazima ufunguo. Kuku wanaruka, Mama anaita Mungu kwa lugha ya kwetu, na yeye ananijia, ananiinamia: "Shikamoo kaka. Hujaumia?"

Hata hapo! Alianza na shikamoo!

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Devota alicheka akashika nguzo. Baadaye wakaomba Yared awaonyeshe anavyofanya yeye, kwa kuwa wameshafika. Akaweka vigogo vyembamba vingi pamoja kwenye kitanda cha miti alichojitengenezea, kama watoto wa kitanda kimoja, akapitisha chenso, msumeno wake wa injini, mara moja tu, vyote vikakatika urefu mmoja. Wakampigia makofi yale yale niliyopigiwa mimi mwanzoni. Yangu! Nimeyatambua.

Mudi hanisemeshi. Pikipiki iko gereji.

Ijumaa, 16 Agosti

Sijui nianzeje.

Nimepita mgahawani kwa Fausta mchana bila kumwambia. Basi la Iringa lilikuwa limesimama, abiria wanakula, na jikoni hakuna moshi. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Jiko la mke wangu huwa linaonekana toka kwenye lango la mbuga! Nikainama chini ya meza. Kuni. Zote urefu mmoja. Zimepasuliwa kwa ufundi. Nikaigonga moja. Ikalia.

Ningemkuta na barua ya mwanamume mwingine ningejua la kusema. Nilisimama na ile kuni mkononi kama mjinga.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa sita. Nikauliza kwa nini. Akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama.

"Baba Lea," akasema, "miaka kumi na moja nimepika kwa kuni zako. Macho yangu yalikuwa mekundu hadi abiria wakaniuliza kama nimefiwa. Kila nikikuambia ziache zikauke, unasema moto wenyewe utazikausha."

Nikasema ungenieleza vizuri. Akasema alieleza vizuri, alieleza vibaya, alieleza kwa kulia. Kisha akanipakulia wali na maharage, nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa. Maharage yalikuwa yameiva sawasawa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Nimelala chali tangu jioni. Natafakari. Mama, mteja, na sasa mke. Kilichobaki ni mtoto, na Lea jana nilimsikia akimwita baba mdogo aje amwone akiruka kamba.

Jumapili, 18 Agosti

Baada ya ibada Devota ametangaza. Kuni za kipaimara zitatoka kwa ndugu wawili, nusu kwa nusu. Jiko la nyama na pilau la wageni wa Askofu litatumia kuni za Melkizedek, kwa heshima ya ukubwa wake. Jiko la waumini litatumia za Yared. Zote zifikishwe Jumamosi.

Kwa heshima ya ukubwa! Nimeinua kidevu. Halafu nikamwona kasisi akimnong'oneza Devota, na Devota akimjibu, na wote wawili wakimtazama Mama aliyeketi ameinamisha kichwa. Kumbe Mama alikwenda kwao Ijumaa kuniombea. Fausta amenieleza njiani. Amesema Mama alisema hivi: yule mkubwa akikosa na hili, mtoto wangu ataoza kwa wivu.

Wivu? Mimi? Nimemwambia Fausta kwamba sina wivu, nina macho tu.

Jumanne, 20 Agosti

Yared amekuja na tupa mkononi. Akakaa chini ya kibaraza, si juu, chini. Akasema kuni zangu bado mbichi, amezigusa, zinatoka maji zikichomwa, na turubai limezifanya zitoke jasho. Akasema ana akiba kavu ya kutosha majiko yote mawili. Nichukue kwake, nizipeleke kwa jina langu, hakuna atakayejua.

"Kaka, kuni ni kuni," akasema. "Sisi ni nyumba moja."

Nilitaka kusema sawa. Neno lilifika hadi kwenye meno. Kisha nikamwaza akiwa mzee, anasimulia wajukuu: siku ile nilimpa kaka kuni zangu, masikini. Nikafunga mdomo. Nikamwambia kuni zangu hazina shida, tatizo ni mikono ya watu wasiojua kuwasha.

Akasema sawa kaka. Akaninolea shoka kabla ya kuondoka. Sasa linakata kucha.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimeshinda Kilosa. Nimesikia kuna mtu karibu na stesheni ana dawa ya unga ya kukausha kuni, unanyunyizia tu. Nimemtafuta kutwa nzima. Yule mtu yupo. Dawa ni ya kuua mchwa.

Nimerudi jioni nimechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Nimepita kwenye rundo langu kuliaga. Limekaa vizuri ajabu! Limenyooka, ncha zimelingana. Sikumbuki kulipanga hivi. Kumbe nina mkono mzuri nisipojisumbua. Nimemwonyesha Fausta. Akasema ndiyo, limependeza, akaingia ndani haraka.

Nikainua turubai kidogo. Sikugonga hata moja, nikalifunika tena.

Sasa sikiliza, shajara. Yared kesho anakwenda Kidodi kuchukua mnyororo mpya wa chenso kwa rafiki yake. Atashinda huko. Mimi nitabadilisha. Zangu ziende kwake, zake zije kwangu. Si wizi. Alisema mwenyewe kuni ni kuni, nyumba ni moja. Tofauti ni kwamba sitamwomba, basi. Jumapili Askofu atakula pilau lililoiva kwa kuni kavu za Melkizedek, na waumini watalia machozi kwa kuni za Yared. Wacha waone!

Ijumaa, 23 Agosti

Nimebeba tangu Yared alipopanda gari. Zangu kwake. Zake kwangu. Mgongo umekwisha. Kuni ni nyingi kuliko zinavyoonekana zikiwa za mtu mwingine.

Rundo lake lilikuwa limefunikwa vizuri mbele, nikachukua hapo hapo mbele, za karibu. Nilishangaa kidogo uzito wake, lakini kuni nzuri huwa nzito, nadhani.

Mama akatoka akaniona na mzigo begani. Akasimama. Macho yakamlengalenga. "Unamsaidia mdogo wako kupanga?" Nikasema ndiyo Mama. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mkavu, mwepesi. "Baba yangu," akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu nikumbuke! Na nimebeba kuni za wizi. Nilitaka kukaa chini nilie, au niziache pale pale. Lakini nilikuwa nimeshafika katikati ya ua.

Jumapili, 25 Agosti

Mungu wangu.

Ibada ilikuwa nzuri. Watoto wa kipaimara wamevaa meupe kama maziwa, Lea miongoni mwao. Askofu akahubiri kuhusu moto wa Roho. Mimi nilikuwa nawaza moto wa pilau. Nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho nikaone ushindi wangu.

Sikuona kitu. Moshi! Jiko la wageni wa Askofu, jiko langu, lilikuwa limepotea. Ndani ya moshi nilisikia sauti ya Devota peke yake, ikiita majina ya watu na ya watakatifu. Kuni zinachuruzika povu vichwani. Moto unazima, wanapuliza, unazima. Nyama haijachemka. Pembeni, kwenye jiko la waumini, hakuna moshi hata wa sigara. Moto mwekundu, safi, pilau linapumua kwa raha.

Haiwezekani! Nilibeba mwenyewe!

Upepo ukageuka. Moshi ukaingia kwenye turubai la wageni. Askofu akatoka ameshika kofia, anakohoa, wageni wa Kilosa nyuma yake wanapapasa. Devota akanitokea ameshika mwiko, macho mekundu. Watu wote wakanigeukia. Mama pia.

Yared akaja pembeni yangu. Aliinama akaokota kuni moja, akaigonga, ikanyamaza. Akasema kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nisikie:

"Kaka, ulizirudisha?"

Hapo nikaelewa yote. Ile Alhamisi niliyokuwa Kilosa, yeye na Fausta walikuwa wamebeba kutwa. Kuni zake kavu waliziweka kwenye rundo langu, chini ya turubai langu, nisijue, nisione aibu. Zangu mbichi akaziweka kwake mbele, zikauke taratibu. Na mimi Ijumaa nikachukua zile zile mbichi zangu, moja moja, nikazirudisha kwangu kwa mgongo wangu mwenyewe. Na kavu nikampelekea.

Nilisema, "Nilizirudisha."

Sijawahi kuuona uso wake vile. Haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu, kama wa baba yetu mwaka ule mahindi yalipokauka. Nikadhani atasema. Ilikuwa haki yake aseme. Nikakaza mabega kumngojea.

Akageuka kwa watu. Akasema kwa sauti: "Mama mwenyekiti, samahanini. Kuni hizi nilizihamisha mimi wiki hii, uani kulikuwa na mchanganyiko. Kosa limetoka kwangu. Kaka hana hatia."

Kisha akavua koti la Jumapili, akaita vijana wa kwaya, wakahamisha kavu kutoka jiko la waumini. Akazipasua nyembamba zaidi, akazipanga na nafasi za hewa katikati, akawasha. Chakula kilichelewa lakini kililiwa. Askofu alikula mara mbili.

Na unajua kilichofuata? Kasisi alisimama mbele ya wote akamsifu Yared kwa unyenyekevu! Kwamba ni vijana wangapi leo wanaoweza kukiri kosa hadharani. Makofi! Vigelegele! Askofu akamshika mkono. Devota akalia, na safari hii moshi ulikuwa umekwisha.

Hata lawama zangu! Wateja alichukua, jiko la mke wangu alichukua, na leo amechukua hata lawama yangu, akapigiwa makofi nayo!

Jumatatu, 26 Agosti

Fausta hakunisemesha hadi mchana. Kisha akasema maneno machache, akasema kila kitu. Sitayaandika.

Mama aliniita. Nikadhani atanipiga, umri huu. Alinipa kiti. Alisema alijua toka Ijumaa jioni, maana alikwenda kuchukua kuni za kupikia ugali akakuta zote zinalia, hata pale mbele alipomwona Yared akiweka mbichi zangu, akajua nilichofanya. Akanyamaza akingoja niseme mwenyewe. Alinitazama hadi nikatazama miguu yangu. Akasema, "Yared alipokuwa mdogo alikuwa anatembea kwa kufuata nyayo zako. Kweli kabisa, anakanyaga ulipokanyaga. Mpaka leo anatafuta pa kukanyaga." Hakuniita baba yangu. Lakini hakuniita Melkizedek pia.

Nikaenda kwa Yared. Alikuwa anatia makali mnyororo wa chenso. Shikamoo kaka. Marahaba. Nikakaa. Nikamwambia asante. Ilikuwa kama kutapika mfupa, lakini ilitoka. Akasema tuunganishe nyua zetu, tutoe ua wa matete, yeye apasue na kukausha, mimi niuze, maana hajui kuzungumza na watu kama mimi. Hajui kama mimi! Alisema mwenyewe! Tukang'oa ua pamoja. Lea na kuku wakawa wanapita huku na huku. Ilikuwa jioni nzuri, lazima nikiri. Nilijisikia mwepesi, kama niliyetua mzigo.

Halafu kasisi akapita. Amekuja kumwambia Yared kwamba wazee wa kanisa wamekaa, wakaona kijana mnyenyekevu namna hii hafai kuachwa, na wamemchagua mzee wa kanisa. Mzee! Mdogo wangu! Mimi nimeketi kanisa lile miaka ishirini, sijaombwa hata kukusanya sadaka.

Nilitabasamu. Nilimpongeza. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikafikiri.

Yared amefika pale kwa kukiri kosa ambalo si lake. Kosa dogo, sentensi chache. Mimi ninalo la kweli! Tena kubwa! Jumapili ijayo nitasimama mbele ya kanisa zima nikiri yote: neno la mpira, pikipiki ya Mudi, kuni, kila kitu, kwa kirefu, kwa machozi, na nikifika katikati nitapiga magoti. Nitakuwa mnyenyekevu hadi Yared aonekane ana majivuno. Hakuna mtu Mikumi, wala Kilosa nzima, atakayenishinda kwa unyenyekevu!

Shida ni machozi, sina mazoea. Nimeingia jikoni nikamenya vitunguu, nikavishika karibu na jicho, nikijaribu sauti ya kutetemeka. Fausta akasimama mlangoni akaniuliza nafanya nini.

Nimemwambia asinisumbue, niko kazini.